Msilaumu Baridi Peke Yake: Moshi na Pumu ya Mzio

Mtoto mwenye pumu akiamka usiku wa manane anakohoa, kifua kinapiga filimbi, mshtakiwa wa kwanza ni baridi. Itasemwa alikunywa maji ya friji, alichezea mvua, alilazwa bila fulana, feni ilimpuliza. Jiko la mkaa lililowashwa kibarazani tangu saa kumi na moja jioni halitajwi. Taka alizochoma jirani hazitajwi, wala dawa ya mbu iliyokuwa ikifuka chini ya kitanda chake. Nawaandikia wazazi, walezi na wagonjwa wenyewe, nikiwaomba waugeuze mpangilio huo wa lawama. Hewa baridi huweza kubana kifua, na mafua ya virusi ndiyo yanayoanzisha mashambulizi mengi ya pumu kwa watoto, hilo silikatai. Lakini moshi ndio unaomfanya mtu mwenye mzio awe mwepesi wa kushikwa na kila kitu kingine, na sehemu kubwa ya moshi tunaouvuta hutoka mahali ambapo mkono wetu unafika.

Katika pumu ya mzio, kinga ya mwili imekichukulia kitu kisicho na madhara, tuseme vumbi la godoro au chavua ya nyasi, kuwa ni adui. Imetengeneza kingamwili za aina ya IgE, nazo zimejibandika juu ya seli zilizotapakaa kwenye kuta za njia za hewa. Kitu hicho kikivutwa tena, seli hizo humwaga kemikali zilizobeba, histamini ikiwa mojawapo. Ndani ya dakika chache misuli inayozunguka njia za hewa inakaza, kuta zinavimba, ute mzito unajaa. Wengi wakieleza pumu huishia hapo, na wanaacha sehemu ya pili. Ukipita muda wa saa 4 hadi 8, kundi jingine la seli za kinga huwasili kutoka kwenye damu, na kifua kinaweza kubana upya, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mtoto aliyekaa kwenye vumbi mchana hukohoa usiku akiwa amelala kwenye shuka safi, na dirisha likabebeshwa kosa. Hata shambulio likipita, uvimbe haumaliziki. Hubaki kama makaa yaliyofunikwa na majivu: mgonjwa anapumua vizuri, anacheza, watu wanasema amepona, kumbe ndani moto upo.

Sasa weka moshi juu ya hali hiyo. Chembe zinazotutesa zaidi ni zile zenye kipenyo cha mikromita 2.5 au pungufu, ndogo kuliko unene wa unywele mara 20 au 30. Nywele za puani na ute wa kooni haziwezi kuzizuia zote, kwa hiyo hufika hadi ndani kabisa ya mapafu. Huko zinaudhuru utando wa njia za hewa na kulegeza viungio vinavyozishika seli zake pamoja, na vitu vya mzio ambavyo vingeishia juu juu vikapata upenyo. Utando uliojeruhiwa nao hutoa ishara za hatari zinazoisukuma kinga kutengeneza IgE zaidi na kuita seli zaidi za uvimbe. Moshi na mzio havijumlishwi tu. Kimoja hukipa kingine nguvu.

Jambo hili si la kukisia. Miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakiwamo David Diaz-Sanchez na Andrew Saxon, waliwawekea puani watu wenye mzio chavua ya gugu linalowasumbua, wakati mwingine chavua tupu na wakati mwingine ikiwa pamoja na chembe za moshi wa dizeli. Ilipofuatana na dizeli, kingamwili za mzio dhidi ya chavua hiyo zilipanda mno. Mwaka 1999 wakachapisha jambo la kutisha zaidi. Waliwapa watu protini ya konokono wa baharini ambayo miili yao haikuwahi kukutana nayo. Waliopewa protini peke yake hawakupata mzio nayo hata mmoja. Waliotanguliziwa chembe za dizeli, wengi wao walitengeneza IgE dhidi yake. Kwa maneno mengine, moshi uliwafundisha kuwa na mzio mpya.

Mwaka 2007 ukachapishwa utafiti wa London uliowatembeza watu wazima 60 wenye pumu kwa saa mbili katika mtaa wa Oxford Street, ambako wakati ule mabasi na teksi za dizeli ndizo zilizokuwa zikipita, na siku nyingine kwa saa mbili ndani ya bustani ya Hyde Park. Watu wale wale, mwendo ule ule. Nguvu ya mapafu yao ilishuka zaidi mtaani kuliko bustanini, na makohozi yao yalionyesha dalili za uvimbe. Anayesimama kila asubuhi kituoni Ubungo au Mbagala akisubiri daladala, ile injini inayotoa wingu jeusi ikinguruma mbele yake, ana haki ya kujua hayo.

Nianze na jikoni, kwa sababu huko ndiko tunakopoteza zaidi na huko ndiko tunakoweza kuokoa zaidi.

Mkaa unadanganya. Ukishakolea hauonekani kutoa moshi, na hapo watu huuingiza ndani wakidhani umekuwa salama. Bado unatoa chembe laini, na unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini. Usilale chumba kimoja na jiko la mkaa linalowaka, uwe na pumu au usiwe nayo. Wakati mbaya kabisa kwa kifua ni ule wa kuwasha, hasa jiko likiwashwa kwa mfuko wa plastiki, kipande cha ndala au mafuta ya taa. Washeni nje, upande ambao upepo unaupeleka moshi mbali na milango na madirisha, yenu na ya wapangaji wenzenu, kwa karatasi au vijiti vikavu. Na kazi ya kupepea jiko asipewe mtoto mwenye pumu. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu katika nyumba nyingi kazi hiyo ni ya binti, na binti mwenye pumu akilalamika huambiwa anakwepa kazi.

Gesi ni nafuu kubwa kwa mapafu ukiilinganisha na mkaa na kuni. Haimaanishi kwamba haitoi kitu: mwali wa gesi hutengeneza nitrojeni dioksaidi, ambayo nayo huwasha njia za hewa, kwa hiyo fungua dirisha na mlango wakati wa kupika. Mwali uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na sufuria zinashika masizi, jiko linahitaji kusafishwa. Najua kinachozikwamisha familia nyingi si mtungi wa kwanza, ni kuujaza tena. Kama fedha haitoshi kupikia gesi kila kitu, iwekeni kwa chakula cha usiku na chai ya alfajiri, saa ambazo watoto wamo ndani na madirisha yamefungwa, na mkaa utumike mchana nje. Maharage na makande ndiyo yanayokula mkaa kwa saa nyingi. Mwenye umeme anaweza kuyapikia kwenye jungu la presha la umeme, ambalo hutumia umeme kidogo kwa sababu halipotezi joto. Tanzania imejiwekea mkakati, uliozinduliwa Mei 2024, wa kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mkakati huo mara nyingi huelezwa kwa habari za misitu. Mimi ningependa uelezwe pia kwa habari za vifua.

Mafuta ya taa yasikudanganye kwa sababu hayatoi majivu. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2014 kuhusu hewa ya ndani ya nyumba, lilishauri yasitumike majumbani. Koroboi inayowaka juu ya daftari la mwanafunzi inampulizia masizi puani kwa saa nzima. Taa ndogo ya sola inamwondolea moshi huo.

Kwa ndugu zangu wa pwani, Unguja, Pemba, Lamu, Mombasa, Tanga, lipo jambo la udi na ubani. Simwambii mtu aache kufukiza; harusi bila udi si harusi. Lakini moshi wa chetezo ni moshi, na chembe zake hufika kule kule zinakofika za mkaa. Fukizeni mgonjwa akiwa nje, madirisha yakiwa wazi, na asirudi chumbani mpaka hewa imebadilika. Nguo zake, mto wake na kanga anayojifunika visifukizwe. Mgeni mwenye pumu akiingia nyumbani, chetezo kitolewe bila kungoja aombe, maana wengi huona haya kuomba.

Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya duara, ningeitoa chumbani kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima aina zilizotengenezwa China na Malaysia, ukakuta duara moja hutoa chembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Chandarua chenye dawa kinamzuia mbu bila kumtia mtoto moshi usiku kucha.

Moshi ukipungua, punguza na vile vinavyoshirikiana nao. Utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, huishi kwenye magodoro na mito na kula ngozi inayotubanduka, nao hustawi penye unyevu, kwa hiyo pwani ni kwao. Mashuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, yafikie nyuzi 60 ikiwezekana, kisha zianikwe zikauke kabisa. Godoro na mto viwekewe kifuniko kisichopitisha vumbi. Mto wa sufi wa zamani uliorithiwa kwa bibi asiulalie mgonjwa. Kabla ya kufagia nyunyiza maji, au pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi, na mgonjwa awe nje. Mende nao ni chanzo kikubwa cha mzio mijini: funika chakula, kausha sinki usiku, tumia chambo cha sumu mahali pasipofikiwa na watoto badala ya kupuliza dawa chumba kizima, kwa kuwa mvuke wa dawa hiyo wenyewe hubana kifua.

Barabarani uwezo wetu ni mdogo, ila upo. Moshi wa magari hupungua haraka ukisogea kutoka ukingo wa barabara, kwa hiyo hata hatua chache nyuma ya kituo ni faida, na kupita mtaa wa ndani sambamba na barabara kuu ni faida kubwa zaidi. Alfajiri hewa hutulia, na moshi wa usiku, wa majiko na wa taka, hukaa chini usawa wa pua. Mazoezi ya kukimbia yangoje jua lichomoze na upepo uanze. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe laini. Ile ya daraja la N95 au FFP2, ikibana vizuri usoni, huzuia nyingi, ingawa gesi hupita. Ningeishauri kwa trafiki, kwa dereva wa bodaboda na kwa mfagia barabara kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hata ukifanya yote hayo, hewa haitakuwa safi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2021 ni wastani wa mikrogramu 5 za chembe laini, zile za mikromita 2.5 au pungufu, kwa mita ya ujazo kwa mwaka, na miji yetu mikubwa iko juu yake. Kwa hiyo dawa ni lazima, na hapa ndipo penye kosa linalonisumbua kuliko mengine yote.

Wagonjwa wengi wana pampu moja tu, ya buluu, yenye salbutamoli. Hiyo hulegeza misuli kwa saa chache. Uvimbe haiugusi. Anayeitegemea peke yake anafungua mlango kila unapofungwa, huku kinachoufunga kinaendelea kukua. Dawa inayoutuliza uvimbe ni ya steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonaidi, na hiyo hutumiwa kila siku kama mtaalamu alivyoandika, hata siku ambayo kifua ni chepesi. Haileti nafuu papo hapo, na wengi huiacha baada ya siku tatu wakidhani haifanyi kazi. Ipe wiki kadhaa. Suuza mdomo na kutema maji baada ya kuivuta ili kuzuia utando mweupe mdomoni. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena vijana na watu wazima watibiwe kwa pampu ya buluu peke yake. Kama umepewa hiyo tu, rudi ukaulize. Na kama bado unapewa vidonge vya salbutamoli, uliza pampu: kidonge huchelewa, hutetemesha mikono na kuupiga moyo mbio.

Kuna maneno mtaani kwamba ukizoea pampu huwezi kuiacha, kwamba ni hatua ya mwisho kabla ya kaburi. Maneno hayo yameua. Dozi inayovutwa ni ndogo na inakwenda moja kwa moja mapafuni. Haimfanyi mtu kuwa mteja wake. Ugonjwa ndio unaoendelea, na dawa ndiyo inayoushika. Jambo moja huidhoofisha kweli, nalo ni sigara: mvutaji mwenye pumu hunufaika kidogo na steroidi kuliko asiyevuta.

Jipime hivi. Katika wiki 4 zilizopita, je, dalili za mchana zimekuja zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, umeamshwa usiku na kifua hata mara moja? Je, umehitaji pampu ya buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, umeacha kufanya jambo lolote kwa sababu ya pumzi? Ukijibu ndiyo hata kwa swali moja, pumu yako haijadhibitiwa vizuri, hata kama umeizoea.

Mtoto hawezi kuvuta pampu sawasawa kwa mdomo tu. Dawa hugonga kooni na kuishia tumboni. Anahitaji chemba ya kuvutia, ambayo hospitalini huitwa spesa. Ikikosekana, chupa ya plastiki ya nusu lita inatosha. Daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walilijaribu hilo kwa watoto wenye shambulio la pumu na kuchapisha mwaka 1999: chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Osha chupa kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta. Toboa kitako chake kwa waya uliopashwa moto, tundu lilingane na mdomo wa pampu, kisha ziba kingo kwa gundi hewa isipite. Tikisa pampu, mtoto aweke midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, avute pumzi tano au sita taratibu. Ndipo ubonyeze tena.

Dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja asubuhi ni hizi: mgonjwa hamalizi sentensi kwa pumzi moja, ngozi kati ya mbavu au juu ya koo inabonyea ndani, midomo inakuwa ya kijivu au ya buluu, mtoto mchanga hawezi kunyonya, amekuwa mzito wa kuamka, au mlio wa kifua umenyamaza ghafla huku bado anahangaika kupumua. Ukimya huo si nafuu. Njiani endelea kumpa pampu ya buluu kwa spesa: mtu mzima na mtoto wa miaka 6 na zaidi, mibonyezo 4 hadi 10, mmoja mmoja, kila dakika 20 katika saa ya kwanza. Mdogo zaidi ya hapo apewe mibonyezo 2, nayo irudiwe kila dakika 20.

Weka daftari. Kila shambulio liandikwe pamoja na yaliyotokea siku nzima kabla yake: nani alipika wapi, taka zipi zilichomwa, chumba kipi kilifagiliwa, dawa ilivutwa au ilisahaulika. Lipeleke kliniki. Mwambie daktari unaishi umbali gani kutoka barabara kuu na unapikia nini, hata asipouliza. Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa London aliyekuwa akiishi karibu na barabara ya South Circular, alilazwa hospitalini mara nyingi kwa pumu kali hadi alipofariki Februari 2013 akiwa na miaka 9. Desemba 2020 mahakama ya kuchunguza vifo ilitamka kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake, na kwamba mama yake hakuwa amepewa taarifa juu ya hewa hiyo ambazo zingemwezesha kuchukua hatua. Hiyo ni nchi yenye vipimo vya hewa kando ya barabara. Huku kwetu hatuna sababu ya kungoja kuulizwa.

Limebaki la jirani anayechoma taka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 42, inasema vivyo hivyo. Lakini msianze na sheria. Nendeni mchana, si wakati moshi unafuka na wote mmekasirika. Mwelezeni hali ya mtoto na mwonyesheni pampu yake. Ombeni plastiki zitengwe zisichomwe kamwe, kwa sababu moshi wake ndio wenye sumu zaidi, majani na maganda yafukiwe shimoni, na yanayobaki mchangiane kumlipa mzoa taka. Akikataa, ndipo mwende kwa mwenyekiti wa mtaa, mkiwa na tarehe mlizoziandika kwenye lile daftari, na mwende nyumba kadhaa pamoja, kwa kuwa mtoto wenu hatakuwa peke yake mtaani anayekohoa.